Neno Nililopewa, Mtoto Niliyepewa

Jumatatu, 5 Novemba 1956

Lori la makaa limechelewa tena. Limefika jua la utosi, na mpakuaji hakuja. Nimeshusha magunia mwenyewe pamoja na dereva. Dereva huyo, Mzee Mbonde, ana maneno mengi kuliko nguvu. Gunia moja karibu nusu ni vumbi tupu. Nimemwambia ampelekee mkewe akapikie hilo vumbi, tuone kama atakula leo.

Jioni darasani. Mwalimu Perpetua kaja na jambo jipya. Ni binti wa Kichaga kutoka Moshi, mdogo kwangu kwa miaka mingi, lakini pale ukumbini yeye ndiye mkubwa na sisi wanawake wa Kariakoo ndio watoto. Anatufundisha Kiingereza Jumatatu na Jumatano. Leo katugawia kila mmoja kitenzi kimoja cha Kiingereza. Tutembee nacho mpaka muhula uishe. Tuulize watu, tusikilize, tujue kinatumikaje na kimetoka wapi, halafu kila mtu asimame awaeleze wenzake. Bi. Saida kapata go. Mwingine kapata eat. Mimi nimepewa keep.

Sikufurahi. Go ningeimaliza kesho sokoni kabla ya saa nne. Nimemuuliza Mwalimu, keep kwa Kiswahili ni nini. Kacheka. "Hilo ndilo utakaloniambia wewe, Mama Zuhura."

Kasema pia tuandike kila siku japo mistari miwili. Hakusema kwa lugha gani. Naandika kwa Kiswahili, na hatasoma.


Jumatano, 7 Novemba

Nilidhani neno moja ni kazi ndogo.

Nimeanza na mume wangu. Salum anafanya kazi karakana ya reli, mtaa wa Gerezani, na Kiingereza cha vyuma anakijua. Kasema keep ni golikipa. Hana jingine. Kwake kila kitu ni mpira. Nimeandika hivyo hivyo: anayekaa golini ili asipitwe.

Zuhura yuko darasa la nne. Kasema kwao husemwa keep quiet, yaani nyamazeni. Sasa golini na kunyamaza vina undugu gani? Mtoto kacheka mpaka kapaliwa na uji.

Kantaben kaja kuchukua makaa yake. Huyu ni mama wa Kihindi, mteja wangu wa tangu siku za mwanzo, mumewe anasomesha shule ya Wahindi. Kasema, "Mimi iko keep Jumatatu, Mama Zuhura." Nikadhani amechanganya. Kumbe Jumatatu anafunga kwa ajili ya mungu wake, hagusi nafaka mpaka jua lizame. Kushika mfungo nako ni keep. Na mwenye duka ni keep. Na kufuga kuku ni keep.

Jioni Mwalimu kaongeza kibao cha barabarani, keep left. Tumecheka sote. Sisi tulijua kipilefti ni jina la ule mviringo wenyewe, pale magari yanapozunguka. Sasa tumejua, na kesho tutaendelea kuuita kipilefti vilevile.

Ukurasa umejaa. Kushika, kufuga, kukaa, kuweka, kutunza, kulinda, kuendelea. Waingereza wavivu. Neno moja wanalituma kila mahali, halipumziki.


Ijumaa, 9 Novemba

Mbonde kaleta makaa mazuri leo, na habari. Tatu anakuja Jumapili.

Tatu ni mdogo wangu. Ameolewa Kisarawe, huko makaa yanakotoka. Haji mjini ila siku ya Idi, na Idi imekwisha pita. Masika ya mwaka huu alimzika Hamisi, mwanawe, mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kung'oka meno. Homa. Hana mwingine pale nyumbani.

Najua anachokuja kukifuata. Nimejua palepale, gunia likiwa bado mgongoni.

Niandike wazi, maana hasomi mtu. Zuhura sikumzaa. Kamzaa Tatu.

Kwetu si ajabu. Dada hakujaaliwa, mdogo mtu anampa mmoja. Baba yake Zuhura alifariki kabla mtoto hajazaliwa, na Tatu alikuwa anaposwa tena. Tulikuwa Morogoro wakati ule, Salum yuko stesheni ya huko. Tatu alikuja na mtoto aliyekuwa ametoka kuachishwa ziwa. Akalala kwetu siku chache, tunacheka, tunapika. Asubuhi moja nilikuwa uani namwogesha mtoto. Niliporudi ndani Tatu hayupo, kanga yake haipo. Ndivyo inavyofanywa. Anayetoa mtoto haagi.

Nilikaa chini na yule mtoto analowanisha nguo zangu, nikalia kwa furaha. Kwa furaha, ndiyo. Sikumfikiria Tatu hata kidogo.

Tulipohamia Kariakoo Zuhura alikuwa anatembea na kusema. Majirani walitupokea baba, mama na mtoto. Hakuna aliyeuliza.


Jumapili, 11 Novemba

Kafika. Kaleta kuku mmoja na mihogo. Amekonda, shingo imekuwa ndefu.

Zuhura kamkimbilia mlangoni. "Shikamoo, mama mdogo." Tatu kaitika marahaba, taratibu, kama mtu anayeonja chakula cha moto.

Hakuna kosa hapo. Mdogo wa mama ni mama mdogo. Lakini nimeyasikia yale maneno leo kama vile sijapata kuyasikia.

Tumekaa barazani mpaka alasiri. Kila aliyepita kanisalimu, Mama Zuhura hujambo, Mama Zuhura una wageni. Kila mara Tatu aliinua kichwa kabla yangu.

Naogopa.


Jumatatu, 12 Novemba

Kasema leo asubuhi, Zuhura akiwa shule.

"Dada, nimekuja kumchukua mwanangu."

Nikamjibu vibaya. Nikamwambia anasema kumchukua kama vile aliacha chungu kwa jirani. Kasema, "Chungu ningekwisha kukisahau."

Nikataja shule. Kasema Kisarawe shule ipo. Nikataja surua aliyougua nikakesha naye. Nikataja mahali pote nilipomfikisha. Kadiri nilivyotaja ndivyo nilivyojisikia mchuuzi anayesifu nazi zake. Tatu hakubishana. Kasema tu kwamba nyumba yake inalia. Akiamka asubuhi anasikia mlio wa nyumba.

Nikainuka nikaenda kuuza makaa.

Darasani sikwenda. Sijapata kukosa darasa.


Jumanne, 13 Novemba

Nimeuza makaa kwa hasira. Mteja mmoja kasema debe halikujaa, nikamwambia atafute debe lenye tumbo kubwa kama lake. Nimempoteza mteja.

Nimemweleza Salum. Halafu kasema haki ni ya Tatu, na yeye haiwezi nyumba hii bila Zuhura. Akaondoka kwenda kunywa kahawa. Haki na moyo kanitwisha mimi vyote viwili.

Zuhura kauliza kwa nini mama mdogo hajaondoka. Nikamwambia amepumzika. Kasema vizuri, mama mdogo anajua hadithi nzuri.


Jumatano, 14 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Tulikuwa jikoni, mimi na Tatu. Kaniuliza mbona mtoto anamwita mama mdogo hata wakiwa wawili peke yao. Hana la kumwambia pembeni, hana hata jicho? Kasema alitegemea kwamba mbele za watu mtoto atashika heshima yangu, lakini wakiwa peke yao angalau atamtazama kwa namna nyingine.

Halafu kauliza nilimwambia lini.

Nikamwambia mimi sikumwambia. Nilijua umemwambia wewe, ile Idi mliyokwenda kutembea ninyi wawili mkarudi mmeshikana mikono.

Tatu kaacha mwiko ndani ya sufuria. "Mimi nilijua umemwambia wewe. Wewe ndiye uliyekaa naye."

Uji umeungua. Hakuna aliyeuepua.

Miaka yote hii. Mimi nilisema moyoni, jambo zito kama hili husemwa na aliyezaa. Yeye alisema moyoni, jambo hili husemwa na mlezi, siku anapoona mtoto amepata akili. Kila mmoja kamwachia mwenzake kwa heshima. Wala hakuna aliyedanganya. Mtoto kaniita mama, na dada wa mama ni mama. Kamwita Tatu mama mdogo, na ndivyo alivyo kwa upande wangu. Kila jina limekaa mahali pake, kwa hiyo hatukuona kitu.

Jioni nimekwenda darasani kwa sababu sikuweza kukaa nyumbani. Mwalimu kaniongezea matumizi, keep a secret. Kutunza siri. Nikamuuliza, mtu anaweza kutunza siri bila kujua kwamba anaitunza? Kafikiri. Kasema Kiingereza chake hakijafika huko.


Ijumaa, 16 Novemba

Tatu hataki kumwambia yeye. Kasema nikisema mimi mtoto atasikia, akisema yeye mtoto atamchukia. Kasema, "Wewe una mdomo, dada, mimi sina."

Mdomo ninao. Ndiyo maana nimekaa nao kimya tangu juzi.

Niandike ubaya wangu. Kama Zuhura haambiwi, haendi. Nani atamtoa mtoto kwa mama yake ampeleke kwa mama mdogo, tena katikati ya shule? Akiulizwa atakataa, na atakataa kwa haki. Tatu hatamlazimisha, namjua. Jumatatu lori la Mbonde litarudi Kisarawe na Tatu atapanda peke yake, na mimi sitakuwa nimesema uongo hata mmoja. Nitakuwa nimenyamaza tu.

Jambo lenyewe ni rahisi mno. Linanitisha kwa urahisi wake.

Zuhura kanitengea maji ya kunawa kabla sijaomba. Mikono yangu haitakati upesi, na yeye anajua maji kiasi gani.


Jumamosi, 17 Novemba

Kantaben kaniambia mumewe ana kamusi kubwa, ya aina inayoeleza maneno yametoka wapi. Nimepeleka makaa kwao mwenyewe ili nikaione. Nimekaa ua wa nyuma, kwenye kigoda. Mumewe kaja na kitabu kama tofali. Mtu mpole. Kafungua, kasoma, kanitafsiria kwa Kiswahili cha dukani, polepole.

Keep ni neno la zamani sana katika Kiingereza. Maneno mengi ya Kiingereza yana ndugu, kasema. Wadachi wanalo linalofanana, watu wa Denmark wanalo. Hili halina. Wataalamu wametafuta katika lugha zote za jirani, hawakuona ndugu yake hata mmoja. Asili yake haijulikani.

Nikamwambia asome tena. Kasoma tena. Haijulikani.

Na maana yake ya mwanzo? Zamani lilikuwa na maana ya kukamata, na ya kutazama. Kumwangalia mtu au kitu, kukitafuta kwa macho, kungoja kionekane. Haya ya kuku na maduka yalikuja baadaye.

Kantaben kanipa chai yenye tangawizi.

Njiani nikajisemea, basi. Neno halina ukoo, halijulikani limezaliwa na nani, na bado ni Kiingereza kuliko Kiingereza chenyewe. Hakuna anayegonga hodi kulidai. Waingereza wamelilea, ni lao. Nikatembea Mtaa wa Kongo nimeinua kichwa kama mtu aliyeshinda kesi.

Nilipofika mlangoni nikawaona. Zuhura anakuna nazi. Tatu amekaa nyuma yake kidogo, hafanyi kazi yoyote. Anamtazama tu. Anautazama mkono unavyokwenda na kurudi juu ya mbuzi. Hakujua kama nimefika.

Lile neno halina aliyelipoteza. Ndiyo tofauti. Hakuna mtu aliyeamka asubuhi mahali fulani akasikia nyumba inalia kwa sababu ya keep.


Jumapili, 18 Novemba

Nimemwambia.

Tulikuwa uani, mimi na Zuhura, tunafinyanga mabonge ya vumbi la makaa na udongo tuyaanike. Tatu nilimtuma sokoni makusudi. Mikono yetu yote myeusi mpaka kwenye viwiko. Nilidhani ni vizuri tuwe na kazi, macho yapate pa kutazama.

Sikuzunguka. Nikasema, mimi ni mama yako niliyekulea, na aliyekuzaa ni Tatu. Nikamweleza Morogoro, nikamweleza baba yake. Nikamwambia, hatukukuficha, kila mmoja alidhani mwenzake amekwambia. Niliposikia maneno hayo yakitoka mdomoni niliona upuuzi wake. Watu wazima wawili.

Kafinyanga bonge moja, akaliweka. Akafinyanga jingine. Nilingoja aniulize kuhusu mimi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo usiku kucha.

Kasema, "Hamisi je?"

Sikumwelewa.

"Hamisi alikuwa mdogo wangu? Wa tumbo moja?"

Nikasema ndiyo.

Kasimama. Mabonge yakaanguka. Kasema, "Mliniambia nisikose shule."

Ni kweli. Masika yale habari ilipokuja nilikwenda msibani peke yangu. Nilimwacha na Salum. Nilisema mtoto wa mama mdogo kafariki, wewe nenda shule, utakosa masomo. Niliporudi aliniuliza kama mama mdogo analia sana, nikasema amepoa, akaenda kucheza.

"Nilicheza kamba siku ile," kasema. "Nilicheza kamba na Mwanaisha siku nzima."

Ndipo alipolia. Mikono ile myeusi kaiweka usoni. Nilitaka kumshika, kanikwepa. Hakunikwepa kwa chuki, ila kama mtu aliye na kazi na hataki kusumbuliwa. Alikuwa anamlilia ndugu yake. Mimi sikuwamo kwenye kilio kile hata kidogo, na nilistahili kutokuwamo.

Tatu karudi na bilinganyi, kamkuta hivyo. Kaniangalia. Akaweka kapu chini, akakaa palepale vumbini karibu naye, akaanza kulia na yeye. Nimewaacha.


Jumatatu, 19 Novemba

Hakwenda shule. Sikumlazimisha.

Mbonde kapiga honi, nikamwambia aende zake, Tatu haondoki leo. Kataka kujua kwa nini. Nikamwambia aulize makaa.

Zuhura hatuiti jina lolote. Anasema "chai tayari" huku anautazama ukuta, anayehusika asikie. Nadhani anajaribu majina moyoni na hakuna linalomkaa.

Alasiri nikawasikia chumbani. Anamuuliza Tatu maswali. Hamisi alikuwa anapenda kula nini. Alikuwa anaogopa nini. Alikuwa anafanana na nani. Tatu anajibu yote, hata mambo madogo, kwamba alikuwa anaogopa bata, hamwogopi mbwa. Mara wakacheka. Kicheko cha Tatu sijakisikia tangu masika.

Nimeona wivu. Si kidogo. Nikaenda kufagia baraza lililokuwa safi.


Ijumaa, 23 Novemba

Amerudi shule. Mtihani wa darasa la nne umekaribia, na kasema hataki kufeli. Mwanangu huyo. Nimeandika mwanangu, sifuti.

Jioni, tukiwa sote wanne kwenye mkeka, kasema uamuzi wake. Hakuna aliyemuuliza. Shule ikifungwa atakwenda Kisarawe. Anataka kuliona kaburi la Hamisi na kumsomea. Kasema msiba wake ulimpita, sasa anautaka.

Salum kaacha kula. Tatu hakuthubutu kuinua macho. Mimi nikasema vizuri.

Hakusema kama atarudi. Sikuuliza. Ulimi ulikuwa juu ya meno, nikaung'ata.


Jumatano, 28 Novemba

Leo ilikuwa zamu yangu darasani. Nilitaka kutokwenda. Tatu kanisukuma. Kasema, "Nenda, dada, usije ukanisingizia na hilo."

Bi. Saida kaanza na go. Kasema go ni rahisi, unainua mguu tu, na kama hujui unakokwenda bado ni go. Tumecheka sana.

Nikasimama mimi. Nimetaja niliyokusanya. Golikipa, kuku, duka, mfungo wa Kantaben, kunyamaza, kipilefti. Nimeeleza kwamba asili yake haijulikani, na kwamba hapo zamani lilikuwa na maana ya kutazama.

Hapo ningeweza kukaa. Sikukaa. Nikawaambia kwa Kiswahili, maana Kiingereza changu nacho hakijafika huko. Nikasema nina mtoto niliyepewa na ndugu yangu, na nimejaribu neno hili juu yake. Mwingereza angesema keep, akamaliza, akavaa kofia akaondoka. Sisi hatuwezi. Sisi lazima mtu aseme alifanya nini hasa. Nilimlea, kweli. Nilimtunza, kweli. Nilimweka kwangu, kweli. Nilimficha mama yake, hilo nalo kweli, ijapokuwa sikujua. Na kama Jumapili ile ningenyamaza, ningekuwa nimemwiba. Hayo yote keep inayabeba bila kukwaruzwa. Nikasema silitaki neno la namna hiyo peke yake. Nikilitumia nitaongeza lingine pembeni.

Mwalimu alikuwa ameshika chaki, hakuandika. Mwisho kasema, "Ahsante, mama." Hakuongeza Zuhura. Sijui kama alifikiria au ilitokea tu.

Wakati wa kutoka Bi. Saida kanishika mkono tukatembea hadi Mtaa wa Swahili. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na mzaha.


Jumamosi, 1 Desemba

Shule ilifungwa jana. Zuhura na Tatu wameondoka asubuhi na lori la Mbonde, juu ya magunia matupu. Mbonde katandika turubai bila kuambiwa.

Kuna wakati Zuhura aliita "Mama," tukageuka wawili. Akatutazama, akashindwa. Akasema basi, nimekipata mwenyewe. Kilikuwa kitana.

Tatu kaniuliza pembeni kama nataka niende uani, nijifanye nina kazi, gari liondoke. Kama alivyofanya yeye. Alikuwa ananionea huruma. Nikamwambia mimi sitoi mtoto. Mimi naaga.

Nikaaga. Nimemshika kichwa, nikamwambia asiogope kuuliza maswali darasani, na asinywe maji ya kisima bila kuchemsha. Maneno ya kijinga. Mengine hayakutoka. Kanikumbatia kwa nguvu, upesi, halafu akapanda.

Lori likakata kona ya Msimbazi. Nimerudi kwenye makaa yangu. Wateja walikuwepo, namshukuru Mungu. Mtu mmoja kaniita Mama Zuhura, nikaitika.


Jumatatu, 10 Desemba

Siandiki sana. Hakuna la kuandika.

Nimepika wali mwingi. Salum kaula wote asije akanihuzunisha, akaumwa tumbo.

Nimeusikia huo mlio wa nyumba aliousema Tatu. Nilidhani ni maneno tu ya mtu mwenye msiba. Upo. Unatoka upande wa dirisha.


Alhamisi, 20 Desemba

Mbonde kasema mtoto hajambo. Alikwenda makaburini na mama yake wamefyeka nyasi. Wamesoma hitima, watu wakaja, Zuhura ndiye aliyegawa halua. Kasema Tatu ameanza kunenepa.

Nimefurahi. Nimejipima vizuri kabla ya kuandika. Nimefurahi, na pia inauma, na hakuna kinachokizidi kingine.


Jumapili, 6 Januari 1957

Mbonde kaja leo ingawa si siku ya makaa. Kavua kofia kwanza, nikajua ametumwa.

Zuhura ataanza shule Kisarawe. Amefaulu, wamempokea. Salamu zake kazisema neno kwa neno, kama alivyofundishwa: "Namsalimu mama mkubwa, shikamoo. Namsalimu baba. Naomba nguo zangu za shule. Idi nitakuja."

Mama mkubwa. Amelipata jina. Ndilo hasa, hakukosea.

Nimesema marahaba. Nimemwambia Mbonde, kwa kuwa ndiye aliyekuwepo.

Nikauliza kama gauni la shule ya huko ni la rangi ileile. Kasema ileile. Atapita kesho alfajiri kuzichukua.

Nimefua, nimeanika, jua lilikuwa kali, zimekauka upesi. Nimepiga pasi. Gauni la bluu nimelipima kwa macho nikaona halitafika mbali. Nimefumua pindo lote na kulishusha mpaka kitambaa kilipoishia, halafu nimelishona upya, mishono midogo midogo, isionekane kwa nje. Salum kanishikia taa.

Anarefuka yule. Huku kwetu hakuna aliyempima tangu Novemba, lakini anarefuka.